Usimchagulie Mwanao Shule kwa Kikosi cha Kwanza

Katika familia nyingi za Nairobi, shule ya mtoto wa kiume huamuliwa kabla mtoto mwenyewe hajajua kusoma. Baba alipita St. Mary's, basi mtoto ni wa Saints. Mjomba alisoma Nairobi School na haoni shule nyingine zaidi ya Patch. Shemeji aliyetoka Lenana naye hawezi kunyamaza. Mama, ambaye huenda ndiye atakayelipa nusu ya karo, anaulizwa mwisho, na wakati mwingine haulizwi kabisa.

Ninayemwandikia leo ni mzazi aliyekwama katikati ya mabishano hayo. Mwanawe amekubaliwa katika shule mbili binafsi za wavulana. Zote zina jina, zote zina kabati la vikombe pale mapokezi, na kila mwaka hukutana uwanjani kama watani wa jadi huku wanafunzi wa zamani wakijazana pembeni kushangilia. Nimefundisha na kusimamia michezo ya shule kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni mmoja: matokeo ya kikosi cha kwanza yatakueleza machache sana kuhusu jinsi shule itakavyomlea mwanao. Kikosi cha nne ndicho kitakachokueleza. Kinacheza lini, kwenye uwanja gani, kinafundishwa na nani, na wanaporudi wamefungwa nani anawangoja?

Siubezi utani wenyewe, kwa sababu ninajua ulikotoka na unachowapa vijana. Nchini Kenya raga ndiyo iliyoukuza zaidi. Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, ilifunguliwa Kabete mwaka 1931 kwa wavulana wa Kizungu; Duke of York, Lenana ya leo, ikafuata mwaka 1949. Hizo sasa ni shule za umma, lakini mazoea ziliyoyaweka, ya mechi za kila mwaka, nyimbo na majina ya kutaniana, yameenea hadi shule binafsi. St. Mary's ilianzishwa mwaka 1939 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lilelile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mapadre wa Ireland walikuja na raga yao, na shule hiyo ndiyo mwenyeji wa tamasha la Blackrock la vijana wa chini ya miaka 19. Blackrock ni jina la shule ya shirika hilohilo kandokando ya Dublin, iliyofunguliwa mwaka 1860. Kombe la shule za jimbo la Leinster lilipoanza mwaka 1887, Blackrock ndio waliolitwaa kwanza, na hadi leo hakuna shule iliyolitwaa mara nyingi kuliko wao.

Kwa hiyo mvulana anayevaa jezi Jumamosi asubuhi anaingia katika jambo kubwa kuliko yeye. Hilo lina faida. Nimeona vijana ambao hakuna mzazi aliyeweza kuwaamsha saa kumi na mbili wakiwa uwanjani saa kumi na moja na nusu, wamevaa njumu tayari. Nimeona wa Kidato cha Nne akimfundisha wa Kidato cha Kwanza namna ya kuanguka bila kuvunjika bega, bila mwalimu kumwagiza. Kenya ilipoifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya raga ya wachezaji saba ya Singapore, Aprili 2016, ushindi ule ulikuwa umepandwa miaka mingi kabla kwenye viwanja vya shule. Anayesema michezo ya shule ni kupoteza muda hajakaa karibu na vijana.

Ila fanya hesabu. Kikosi cha raga ya kumi na tano, pamoja na wa akiba, kwa kawaida huwa na wachezaji 23. Ukiongeza kikosi cha pili, unapata 46. Katika shule yenye wavulana 400, wengine 354 hawamo. Mwanao ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa miongoni mwa hao 354, angalau kwa miaka miwili ya kwanza, na pengine kwa muda wote atakaokuwa pale. Shule inayojua kuwatunza hao ndiyo shule. Ile nyingine ina timu nzuri tu.

Nenda ukajionee, na usiende siku ya mechi ya watani peke yake. Siku hiyo kila shule imevaa nguo za sikukuu: bendera, ngoma, nyama choma, wazee wenye mashati ya rangi za shule. Nenda Jumatano ya kawaida, mwendo wa saa kumi, masomo yanapokwisha. Ukifika, upite uwanja mkuu uendelee hadi wa nyuma, ule usio na jukwaa. Tazama kama kuna watu. Shule moja utawakuta wavulana wa mwaka wa kwanza wamegawanywa makundi manne, kila kundi na mpira wake, na mwalimu wa kemia amevaa kaptura na filimbi shingoni. Shule nyingine utawakuta wamekaa kwenye mteremko wakiwatazama wakubwa wakifanya mazoezi, mipira yote ikiwa uwanja mkuu. Hapo umeshapata jibu ambalo brosha haiwezi kukupa.

Kisha sikiliza. Mwalimu anawaita watoto kwa majina yao au anasema “wewe, namba tano”? Mvulana mnene anayekimbia nyuma ya wenzake anapofika mwisho, anangojwa au kikundi kimeshaanza zoezi lingine? Anayedondosha mpira anaambiwa nini? Nilimsikia kocha mmoja, mechi ya vijana wa chini ya miaka 14 ikiwa mapumziko na timu yake imelala vibaya, akiuliza kila mvulana jambo moja aliloliona kwa mpinzani ambalo yeye hawezi kulifanya bado. Walijibu mmoja mmoja, wakihema, matope usoni. Walirudi wakafungwa tena. Lakini ningempa kocha yule mwanangu asubuhi yake.

Katika jambo hili hakuna mfano wa Kenya ninaoupenda kama wa St. Patrick's, Iten. Si shule binafsi, na mchezo wake ni riadha, lakini funzo lake linafaa popote. Mwaka 1976 alifika pale bruda kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa na ujuzi wa kufundisha riadha. Alianza kwa kuwatazama wavulana wakikimbia, kuwasikiliza, kujifunza, na akabaki Iten kwa miongo kadhaa. Katika shule hiyo alipita Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer naye ni zao la hapo. Alichokuwa nacho bruda yule ambacho shule nyingi zenye fedha hazina ni kukaa. Aliwajua watoto darasani na uwanjani, akawajua wakiwa wepesi na wakiwa wameumia, mwaka baada ya mwaka.

Basi ukiwa ofisini kwa mwalimu mkuu uliza: kocha mkuu amekaa hapa miaka mingapi? Aliyemtangulia aliondoka kwa nini? Je, ni mwalimu wa shule, au ni mtu wa nje anayekuja mara mbili kwa wiki na kulipwa kwa msimu? Sisemi kocha wa nje hafai. Wengine ni wazuri sana. Lakini mtu ambaye ajira yake inategemea mechi tatu za muhula atawatazama wavulana kwa jicho la mechi hizo tatu. Strathmore School, ya wavulana watupu pale Lavington, inajulikana kwa utaratibu wa kumpa kila mwanafunzi mshauri wake miongoni mwa walimu. Penye utaratibu wa namna hiyo, uliza kama mshauri na kocha huwa wanazungumza. Mtoto aliyeanza kushindwa hisabati kwa sababu ya mazoezi ataonekana mapema ikiwa hao wawili wanakunywa chai meza moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazazi hulikimbia kwa sababu linatisha. Raga ni mchezo wa kugongana, na katika umri wa miaka 14 miili haiko sawa. Mmoja ameshabalehe, ana ndevu na kilo 80. Mwenzake wa darasa moja ana kilo 45 na sauti ya mtoto. Shule inayopanga timu kwa darasa tu, bila kutazama ukubwa na ujuzi, inacheza na shingo za watoto wa watu. Wale wa mstari wa mbele katika skramu ndio wa kuangaliwa zaidi. Mvulana asiyefundishwa kusukuma skramu asiwekwe hapo eti kwa sababu mwenye nafasi ameugua na mechi ni ya watani.

Kuhusu kichwa, sharti uwe mkali. Mwongozo wa World Rugby kwa wachezaji wasio wa kulipwa unasema anayeshukiwa kupata mtikiso wa ubongo atolewe uwanjani papo hapo na asirudi siku hiyo, hata akiapa kwamba yu mzima. Baada ya hapo anapanda hatua kwa hatua, na hachezi mechi kabla ya siku 21. Swali la kumuuliza mwalimu wa michezo ni hili, nalo lina uzito kuliko maswali yote ya makala hii: nahodha akiumia kichwa wiki chache kabla ya mechi ya watani, nani anaamua kama atacheza? Akikujibu “daktari au muuguzi, na kocha hana neno,” mwamini. Akianza kukueleza jinsi vijana wa siku hizi walivyo wagumu, au kwamba mvulana mwenyewe ndiye ajuaye mwili wake, shukuru kwa chai, uondoke.

Endelea kuuliza. Ambulensi iko uwanjani siku ya mechi, au ni gari la mwalimu? Kinga ya meno ni lazima mazoezini au siku ya mechi tu? Na kwa shule ya bweni: mvulana aliyegongwa kichwa Jumamosi mchana, usiku wa kwanza analala wapi na nani anamwangalia? Asiachwe peke yake. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kumuuma, akichanganyikiwa, akipata degedege au akawa haamshiki vizuri, ni hospitali saa hiyohiyo. Msimamizi wa bweni anapaswa kukutajia dalili hizo bila kusoma karatasi. Omba pia kuona kwa maandishi bima ya shule inagharimia nini na kiwango chake, na kama raga na safari za mechi za nje zimo.

Jambo la pili la kuchunguza ni wachezaji wanaohamishwa. Kila anayefuata michezo ya shule analijua. Shule iliyochoka kufungwa na watani wake inatafuta vijana waliokwisha kuiva, inawapa ufadhili wa karo, wanaingia katikati ya masomo, na mwaka huohuo kombe linarudi. Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari Kenya, KSSSA, kina masharti kuhusu umri na uhamisho wa wachezaji, na mabishano juu ya masharti hayo hayaishi katika mashindano, kuanzia kanda hadi taifa na hadi michezo ya Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo mwaka 2025 ilifanyika Kakamega. Uganda nako, St. Mary's Kitende, shule binafsi yenye wavulana na wasichana, ilijenga soka yake ikaunganishwa na klabu ya Vipers, na klabu hiyo inachezea kwenye uwanja wa shule. Mwenye kipaji cha kweli anaweza kunufaika sana na njia hiyo.

Ila wewe unampeleka mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye ataanzia chini. Anafanya mazoezi miaka miwili, anapanda kutoka kikosi cha nne hadi cha pili, na mlango wa cha kwanza unapofunguka, anaingia mgeni aliyeletwa kwa kazi hiyo. Ili ulijue hilo mapema, omba orodha ya kikosi cha kwanza na mwaka ambao kila mmoja alijiunga na shule. Ni ombi la haki na shule safi itakupa bila shida. Kama wanane kati ya kumi na watano waliingia katikati, unajua vikombe vile vimetoka wapi.

Na hao vijana wa ufadhili, uliza habari zao pia, hata kama mwanao si mmoja wao. Kijana wa ufadhili akivunjika goti, je, karo yake inaendelea kulipwa? Hapa roho yangu inauma kuliko mahali pengine popote. Namjua kijana aliyeletwa shule moja ya bweni kwa ajili ya miguu yake, kutoka kijiji cha mbali, wazazi wake wakijua amepata elimu. Goti lilipokwisha, muhula uliofuata aliambiwa ufadhili umeisha. Alikuwa amebakiza miezi michache kufanya mtihani wa KCSE. Shule inayoweza kumtendea mtoto wa mwenzio hivyo imeshakuonyesha jinsi inavyowapima watoto wote, wa kwako akiwemo. Na kama mwanao mwenyewe ndiye anayepewa ufadhili wa michezo, usisaini kitu mpaka iandikwe kwamba karo italipwa hadi mwisho wa masomo, aumie asiumie, mradi nidhamu na masomo yake yako sawa.

Wazazi wengine hutazama mbali zaidi, Marekani. Wamesikia habari za wakimbiaji wetu waliopata vyuo huko, na ni habari za kweli: Rono alisoma Mount St. Mary's, Maryland, na Ibrahim Hussein, wa Iten vilevile, alisoma New Mexico. Lakini angalia mchezo gani. Raga ya wanaume haimo katika michezo inayosimamiwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya huko. Vipo vyuo vichache vinavyotoa msaada wao wenyewe kwa wachezaji wa raga, ila ni mlango mwembamba. Riadha, soka, vikapu na kuogelea ndiyo yenye njia pana. Na hata huko darasa linatangulia. Daraja la kwanza la NCAA linataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 katika hayo. Mvulana mwenye kasi na alama mbovu ataachwa uwanja wa ndege. Shule ikikutajia Marekani, iulize ni nani pale anayeshughulikia makaratasi hayo na ni vijana wangapi amewapeleka.

Kuna pia mabadiliko ya mtaala, ambayo yamewachanganya wengi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026, na KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani itafanywa mwaka 2027. Mikondo ni mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Wazazi wananiuliza kama mtoto anayependa raga ni lazima achukue mkondo wa michezo. Hapana. Anaweza kuwa kwenye mkondo wa sayansi na akacheza kila Jumamosi. Mkondo wa michezo ni wa anayetaka michezo iwe taaluma yake: ukufunzi, tiba ya viungo, usimamizi. Kama mwanao ni huyo, hakikisha shule inaufundisha kweli, ina walimu wake na vifaa, kwa kuwa shule kadhaa zenye majina makubwa uwanjani zimeelekeza nguvu zao kwenye sayansi. Kwenye diploma ya IB, ambayo baadhi ya shule binafsi hutoa, mwanafunzi hapati cheti bila kutimiza ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Mfumo huo unamlinda hata asiyefika kikosi chochote, maana kupanda mlima au kuwafundisha watoto wa mtaani kuogelea kunahesabiwa.

Juu ya huyo asiyefika kikosi chochote nina mengi moyoni. Eton na Harrow, shule mbili binafsi za wavulana za Uingereza, zilikutana kwa kriketi katika uwanja wa Lord's wa wakati huo, London, Agosti 1805, na mechi yao ikawa mojawapo ya mashindano ya jadi maarufu kuliko yote duniani. Katika kikosi cha Harrow alikuwemo kijana aliyezaliwa na mguu wenye kasoro, George Gordon Byron, ambaye baadaye alikuwa mshairi mkubwa. Alipiga mpira mwenyewe na mwenzake akakimbia kwa niaba yake. Harrow walifungwa. Zaidi ya miaka 200 imepita, na bado ninaulizia katika kila shule ninayoitembelea: mwenye mguu kama ule ana nafasi gani hapa? Awe mwamuzi, awe mpiga picha, awe mtunza takwimu, acheze mchezo wa meza, aogelee. Asiachwe ukingoni akifundishwa nyimbo za kuwatukana wapinzani na kuambiwa kwamba huko ndiko kuipenda shule.

Hizo nyimbo nazo zisikilize. Utani mzuri una vichekesho na una mipaka. Zinapoanza kutaja mama za watu, kabila la watu au umaskini wa watu, na walimu wamesimama hapohapo wakitabasamu, fahamu kwamba bwenini usiku mambo ni mabaya zaidi. Uliza waziwazi juu ya uonevu dhidi ya wageni wa mwaka wa kwanza, na juu ya adhabu baada ya kufungwa. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya mwili na mateso ya akili. Kuwakimbiza wavulana uwanja mzima mara thelathini kwa sababu wamefungwa na watani ni adhabu ya mwili, hata ikiitwa mazoezi.

Baada ya hayo yote, keti na kijana. Baba akae pembeni kidogo katika mazungumzo haya, hasa baba aliyechezea shule mojawapo. Nasema kwa heshima: mapenzi ya mzee kwa jezi yake ni mazuri, lakini mtoto husoma uso wa babake na kujibu anachodhani kinatakiwa. Kama kuna mjomba au babu asiye na upande, yeye ndiye aulize. Je, unapenda kucheza au unapenda kutazama? Ungefanya nini mchana kama hakungekuwa na raga? Ukiambiwa hutafika kikosi cha kwanza kamwe, bado ungetaka shule hiyo? Kijana akinyamaza kwenye swali la tatu, mpe siku mbili tatu. Wengi hurudi na jibu la wazi.

Karo ninaiacha mwisho kwa kuwa kila mzazi ameshaitazama, ila tazama zaidi ya tarakimu ya muhula. Jezi za mazoezi na za mechi, njumu, kinga ya meno, kambi ya likizo, mabasi ya mechi za nje, ziara ya nje ya nchi ambayo “si lazima” lakini kikosi kizima kinaenda: omba yote hayo yaandikwe pamoja. Pima pia umbali. Shule mbili zikilingana kwa yote niliyoyataja, mimi ningechukua ile ambayo Jumamosi saa tatu asubuhi naweza kufika kabla filimbi haijapulizwa, kwa sababu mechi za kikosi cha nne huanza mapema na hazina watazamaji. Na kabla ya kusaini, soma kifungu cha kuhama. Shule nyingi binafsi zinataka notisi ya muhula mzima kwa maandishi, la sivyo unalipa karo ya muhula ambao mtoto hakusoma. Jua tarehe ya mwisho ya kutoa notisi hiyo na uiandike kwenye kalenda ya nyumbani siku hiyohiyo, ili mwaka wa kwanza ukiisha na kijana hajacheza hata mechi moja, wala hana mwalimu anayemjua kwa jina, uwe bado na muda wa kumhamisha.